Igoma: tuombe daraja la juu la waenda kwa miguu, au matuta na rasta?

MkaziIgoma (mleta mada)

Mwangaluka wana Mwanza. Huku Igoma kuna karatasi inazunguka kukusanya saini. Inaiomba serikali itujengee daraja la juu la waenda kwa miguu kuvuka Barabara ya Nyerere, "kama la Furahisha" hapa hapa Mwanza. Nimeletewa nikakataa kusaini, na sasa kuna majirani wananiangalia kama msaliti. Acha niieleze hoja yangu hapa, maana kwenye foleni ya bombani mtu hasikilizwi hadi mwisho.

Kwamba pale kituoni ni hatari, hakuna anayebisha. Kasimame jioni uone. Mama ana beseni la dagaa kichwani, mkono mmoja umeshika beseni, mwingine umeshika mtoto. Anavuka nusu, anakwama katikati ya barabara. Haisi inapita mbele yake, bodaboda inapita nyuma yake, na lori la kwenda Sirari linapiga honi kutoka mbali bila kupunguza mwendo hata kidogo. Anabaki pale mpaka konda wa upande wa pili amwonee huruma, asimamishe magari kwa mkono.

Sasa hapo mwenye kosa ni nani? Karatasi inasema mama apande ngazi. Mimi nasema lori lipunguze mwendo.

Tupige hesabu. Gari likiwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo kisheria kwenye makazi, linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akishtuka na kukanyaga breki, lami ikiwa kavu na breki nzima, atasimama baada ya mita 28 hivi. Akiwa kilomita 30 anasimama ndani ya mita 13. Mita 15 hizo zinazobaki katikati ndiyo tofauti ya mama kufika nyumbani na kutofika. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la usalama barabarani la Februari 2020 lilitaka mwendo wa kilomita 30 pale magari na watu wanapochanganyika. Na Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4.

Najua mtaniambia ile ni Ulaya. Haya, twende Ghana. Pale makutano ya Suhum, kwenye barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, nayo ina malori na mabasi ya mikoani kama hii yetu, waliweka rasta. Zile ngazi ndogondogo za lami zinazotetemesha gari, basi. Ajali zikapungua kwa asilimia 35 hivi, vifo kwa karibu asilimia 55, na majeraha makubwa kwa asilimia 76. Hiyo ni kazi ya rasta, si ya daraja.

Kwa hiyo nauliza: kwa nini tuombe kitu cha gharama kubwa kitakachochukua miaka, wakati lami na rangi vinaweza kumwagwa ndani ya wiki?

KondaMstaafu

Mleta mada humiliki gari, inaonekana wazi. Karibu ununue bushi na shokapu kila mwezi ndipo uje tuongee matuta.

BintiKirumba

Mimi natofautiana na wewe kaka yangu, na naomba usinirukie. La Furahisha lilizinduliwa 2017 na mimi nalipita. Watoto wa shule wanapanda, wazee wanapanda polepole, na hakuna anayesubiri huruma ya konda. Tuta linategemea dereva awe na akili. Daraja halimtegemei dereva hata kidogo, hata akiwa amelewa. Mwanangu angekuwa anavuka Barabara ya Nyerere kila asubuhi ningesaini hiyo karatasi mara mbili.

DerevaWaNyakato

Naunga mkono dada. Naendesha njia hii miaka mingi. Matuta wanayotujengea hayana kipimo: moja kama kaburi, jingine halionekani kabisa. Rangi inafutika mvua ya kwanza, kibao kinaibwa kikauzwe chuma chakavu. Usiku bodaboda anakuja na taa mbovu, analipanda tuta asilolijua, yeye na abiria wake chini. Hiyo nayo ni ajali, au kwenu ajali ni ya kugongwa tu? Halafu kuna lori lenye mzigo linalofunga breki ghafla kwenye tuta na haisi iko nyuma yake. Fikirini.

MkaziIgoma

Dada BintiKirumba, sikurukii, hoja yako ina uzito. Ila umesema "wanapanda". Wote? Daraja lazima lipite juu ya malori, tuseme mita 5 na nusu. Ngazi za sentimita 15 kila moja, hizo ni zaidi ya 35 kupanda na nyingine kama hizo kushuka. Mwenye beseni la dagaa atapanda? Mwenye kiti cha magurudumu? Mzee wa baiskeli mwenye magunia mawili ya mkaa?

Watakaoona uvivu watapita chini. Waulizeni waliokaa Dar es Salaam habari za Manzese. Daraja liko juu, watu wako chini wanakimbizana na magari. Nairobi nako, Thika Road ilifunguliwa 2012 ikiwa na madaraja ya waenda kwa miguu, na bado watu wanaruka vizuizi. Ubaya zaidi, dereva akishaona daraja anajua hapa hapana mtu, anaongeza moto. Yule anayepita chini anamkuta dereva asiyemtarajia kabisa.

DerevaWaNyakato, wewe kuhusu matuta mabovu uko sahihi kabisa. Lakini kipimo kibaya dawa yake ni kipimo kizuri.

MzeeWaMkaa

Mmenitaja bila kuniita. Mimi ndiye mwenye baiskeli na magunia, natokea Kisesa. Daraja silipandi, na wala simlaumu anayelipanda. Ila na tuta pia linanisumbua, maana mzigo unarukaruka na kamba inalegea. Mniachie upenyo pembeni mwa tuta, upana wa baiskeli. Mkiweka upenyo na bodaboda watapita hapo hapo kwa kasi, hilo nalo mlijue.

SistaWodini

Samahanini wote, mnazungumzia kuvuka tu, na huku tunakofanyia kazi wengi wanaoletwa hawakuwa wanavuka. Walikuwa juu ya pikipiki. Madaktari wa hospitali ya Bugando walishachapisha utafiti mwaka 2010 kuhusu majeruhi wa pikipiki hapa hapa Mwanza, wakati ambapo bodaboda ndiyo kwanza zinashamiri. Waliona kwamba sehemu zinazoumia zaidi ni mikono, miguu na kichwa, na wengi wao vijana. Leo hesabuni pikipiki zilizopo Buzuruga peke yake.

Daraja halimsaidii huyo. Kinachomsaidia ni mwendo mdogo, na helmeti. Uchambuzi wa tafiti nyingi duniani unaonyesha helmeti inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Hapa dereva anayo, abiria hana. Au ipo, imening'inizwa kwenye usukani kwa ajili ya trafiki. Abiria anasema inanuka, na kweli inanuka, lakini kitambaa cha kuvaa ndani yake shilingi ngapi jamani?

BodaWaStendi

Sista tunakuheshimu ila abiria wenyewe ndio wanakataa. Ukimlazimisha anahamia kwa mwenzako. Mimi matuta sina neno nayo. Mnachokosea ni hiki: popote mtakapoweka kivuko, sisi tutaegesha hapo hapo, kwa sababu ndipo abiria wanaposhuka. Sasa mtu anavuka salama kwenye zebra, anaishia kwenye kundi la pikipiki 20 zinazomvutana. Tupangieni sehemu yetu kwenye hiyo michoro yenu. Hakuna anayetuuliza, tunaletewa mgambo tu.

KondaMstaafu

Hapa Boda ameongea. Na konda naye anashusha abiria popote kwa sababu kituo kimejaa pikipiki. Nimefanya hiyo kazi, najua. Abiria anagonga bati "shusha", unashusha, daraja liko mita 200 nyuma. Nani atarudi mita 200 akapande ngazi?

Bado nachukia matuta.

FundiLami

Nifafanue machache ya kitaalamu, halafu mwendelee kugombana.

Hiyo ni barabara kuu, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, si TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Mkipeleka karatasi kwenye ofisi isiyohusika itakaa kwenye droo. Wananchi wanaopanga mawe na magogo baada ya mtoto kugongwa naelewa hasira yao, ila wanatengeneza ajali nyingine ya usiku.

Pili, si lazima iwe tuta lile kali. Kuna tuta pana lenye bapa juu, zebra ikachorwa juu yake. Mvukaji anakuwa ameinuka anaonekana, gari linapanda taratibu bila kuvunja bushi za KondaMstaafu. Kabla yake, rasta za kumwamsha dereva. Katikati, kisiwa cha zege ili mtu avuke upande mmoja kwa wakati mmoja. Na taa, jamani. Bila taa hayo yote ni mtego.

Tatu, haya yameshafanyika Tanzania. Kule Dar es Salaam, mradi wa Amend, shirika la usalama barabarani, kwenye maeneo ya shule uliweka matuta, zebra, njia za miguu na vizuizi vya zege, na utafiti uliofuata ulikuta wanafunzi wanaoumia barabarani wamepungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI (World Resources Institute). Hivyo vitu havina mwonekano wa kukata utepe, ndiyo shida yake.

Lakini BintiKirumba naye asipuuzwe. Barabara ikipanuliwa ikawa njia nne na magari yakaachwa yaende 80, hapo daraja, tena lenye mteremko badala ya ngazi, linaweza kuwa ndilo jibu. Swali la kwanza ni mnataka barabara ya kukimbilia au ya kuishi nayo. Mkishajibu hilo, michoro si kazi.

BintiKirumba

Fundi, kisiwa cha katikati nakubali. Ila mwanangu ana miaka 7. Hata hiyo kilomita 30 yenu, nani ataisimamia asubuhi saa 12 wakati trafiki hawajafika?

FundiLami

Tuta lenyewe ndilo trafiki. Halilali wala halili rushwa.

BintiKirumba

Na DerevaWaNyakato ameshasema kibao kinaibwa. Tuta bila matengenezo ni hadithi. Mimi daraja silifuti, naongeza visiwa na taa.

MkaziIgoma

Sawa. Nimeongea na mwenye karatasi, amekubali tuiandike upya kabla haijaenda TANROADS. Naweka: zebra iliyoinuliwa, rasta pande zote mbili, kisiwa, taa, kituo cha bodaboda kilichotengwa, na ratiba ya kupaka rangi upya iandikwe humo humo. Daraja nimeliweka mwisho kwa maneno "endapo barabara itapanuliwa". Dada BintiKirumba hajaridhika, atatafuta saini zake pembeni, na ana haki hiyo.

DerevaWaNyakato, utasaini?

DerevaWaNyakato

Rasta nasaini. Hilo tuta lenu la bapa niletee mchoro kwanza nione urefu wake.