Mfungaji wetu bora ametusema hadharani baada ya vipigo mfululizo. Mimi nahodha nifanye nini?

Nahodha_wa_Mtaa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kucheza au kufundisha.

Mimi ni nahodha wa timu ya kikapu ya mtaani hapa Dar es Salaam. Hatulipwi, jezi tunachangishana, nauli kila mtu anajitegemea. Msimu huu tunapoteza tu, na mechi nyingi zinatuponyoka robo ya nne. Tunaongoza mpaka mapumziko, halafu pumzi inakata na kila mtu anacheza peke yake.

Juzi baada ya kipigo kingine, vijana wa chaneli moja ya mtandaoni walimfuata mfungaji wetu bora. Akasema anajituma peke yake, wenzake wanakuja uwanjani kupiga picha, na akamtaja kwa jina dogo mmoja, ndiyo kwanza amemaliza shule, kwamba hajui kukaba. Klipu imezunguka kwenye magrupu yote ya kikapu hapa mjini. Tangu siku hiyo dogo hajatokea mazoezini na simu yangu hapokei.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mengi aliyosema ni kweli. Mahudhurio ni mabovu, ukabaji wetu mbovu. Lakini yeye naye akikosa kikapu anabaki mbele anabishana na refa huku wapinzani wanakimbia kwenda kufunga. Hilo hakuligusa.

Kocha ni mtu mpole, ameniambia tumalizane wenyewe. Baadhi ya wachezaji wanataka nimtoe kabisa. Nimjibu hadharani ili dogo ajue tuko upande wake? Au ninyamaze msimu uishe?

Robo_ya_Nne

Pole sana mkuu. Hadharani usimjibu kabisa.

Nawafuatilia Boston Celtics, timu ya ligi ya NBA ya Marekani, kwa muda mrefu, na jambo lako liliwakuta Januari 2019. Walipoteza tatu mfululizo ugenini: Miami, Orlando, Brooklyn. Baada ya ile ya Orlando, waliyopoteza kwa pointi mbili tu, nyota wao Kyrie Irving aliwaambia waandishi kwamba vijana wa timu hawajui ubingwa unadai nini. Sasa vijana wenyewe ndio kina Jayson Tatum na Jaylen Brown, ambao mwaka uliotangulia walifika mechi ya 7, ile ya mwisho, ya fainali ya Kanda ya Mashariki, Kyrie akiwa nje kwa goti! Ukiwa kijana unalichukuliaje neno hilo?

Brown naye akajibu kupitia waandishi, kwamba kunyoosheana vidole hakusaidii. Ikawa wachezaji wa timu moja wanasemeshana kwenye maikrofoni.

Siku chache baadaye waliwafunga Toronto. Kyrie alikuwa na pointi 27 na pasi 18 za vikapu, na usiku huo akaeleza kwamba alimpigia simu LeBron James, mkubwa wake wa zamani walipocheza pamoja Cleveland, kumwomba radhi kwa utoto wake wa wakati ule. Nilimheshimu kwa hilo. Lakini maneno yalishatoka nje, na kila walipofungwa waandishi walirudi kuuliza nani haelewani na nani. Wakamaliza na ushindi 49 na vipigo 33, Milwaukee wakawatoa raundi ya pili ya mtoano kwa mechi 4-1, na Kyrie akahamia Brooklyn. Kipaji hakikukosekana pale. Ukimjibu kwenye kamera unafungua mlango huohuo.

Kijana_wa_Upanga

Mtoe. Timu haina mshahara, haina mkataba, kilichobaki ni heshima tu. Aliyemdhalilisha mdogo wake mbele ya mji mzima hana heshima.

Dada_Rebaundi

Kaka wa hapo juu, hasira yako naielewa, ila tusimkatie hukumu kabla hajasikilizwa. Na wewe Robo ya Nne, umesimulia nusu ya habari za Boston.

Novemba 1, 2021, timu hiyohiyo, tena nyumbani, iliingia robo ya nne ikiwaongoza Chicago Bulls kwa pointi 14. Robo ile wakafungwa 39-11. Mchezaji wao Marcus Smart akatoka akasema waziwazi kwamba kila timu inajua mpira utakwenda kwa Tatum na Brown, na hao wawili hawataki kutoa pasi. Aliwataja kwa majina. Walikuwa wameshinda mechi 2 na kupoteza 5, moto mkali.

Nini kilifuata? Wachezaji walikaa wenyewe wakaambiana. Mechi mbili zilizofuata, Orlando na Miami, walishinda zote kwa ukabaji. Sisemi waliponea hapo, maana mpaka Januari walikuwa wanayumba. Lakini Juni 2022 walikuwa fainali na Golden State, na Smart ndiye aliyechukua tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi msimu ule.

Kwangu mimi tofauti iko kwenye kile kilichosemwa. Pasi unaweza kuirekebisha kesho yake mazoezini. Ukiambiwa hujui ubingwa kwa sababu ya umri wako, utarekebisha nini? Halafu Smart alikuwa mtu wa kujitupa sakafuni kugombania mpira, hivyo akizungumzia juhudi wenzake wanamwelewa. Huyu wenu anayebaki mbele na refa hana pa kusimamia. Mwambie hivyo uso kwa uso, na umwonyeshe kwenye video kama mnarekodi mechi.

Mzee_wa_Filimbi

Nimefundisha vijana miaka mingi. Nahodha, umeandika mengi kuhusu nyota na machache kuhusu dogo. Anza na dogo, na simu usiitegemee. Nenda kwao, kaa na wazazi, mweleze mbele yao kwamba nafasi yake ipo. Mtoto wa umri ule akikaa nyumbani bila kufuatwa, mara nyingi anaacha mchezo moja kwa moja.

Baada ya hapo muite mfungaji peke yake, bila kadamnasi. Mkubalie kwanza yaliyo ya kweli, la sivyo atakuona umekuja kuwatetea wavivu. Kisha mdai mambo mawili: amwombe dogo radhi mbele ya timu, na akikosa kikapu arudi kukaba kama wengine wote.

Na kocha asijivue. Kupanga nani aanze na nani akae benchi ni kazi yake, usikubali akubebeshe wewe.

Nahodha_wa_Mtaa

Asanteni sana. Mzee, nimekuelewa kuhusu dogo. Swali langu: akikubali kuongea lakini akagoma kuomba radhi? Yeye anaamini ukali ndio unaamsha timu. Kila mara ananitajia Kobe Bryant, yule nyota wa Lakers.

Dada_Rebaundi

Basi mkumbushe Kobe wa Desemba 2014. Waandishi waliingia mazoezini Lakers wakamkuta anawafokea wenzake kwamba ni laini, hawamsaidii kitu, na meneja mkuu Mitch Kupchak yuko palepale. Kesho yake wakaenda San Antonio wakashinda kwenye muda wa nyongeza, na kikapu cha ushindi akafunga Nick Young. Watu wakasema ukali umefanya kazi. Msimu ukaisha na ushindi 21, vipigo 61. Kobe mwenyewe aliumia bega mwezi uliofuata, akabaki kutazama.

Na huyo alikuwa na vikombe 5 vya ubingwa mkononi. Wenu ana nini cha kuwaambia watu wavumilie?

Robo_ya_Nne

Nakubali kuhusu Smart, dada, nilikuwa sijamfikiria. Nahodha, akigoma kuomba radhi, kocha amwanzishe benchi mechi moja na mjue mapema kwamba mnaweza kuipoteza. Mmeshapoteza nyingi akiwa ndani.

Nahodha_wa_Mtaa

Nimetoka kwao na dogo sasa hivi. Mama yake alikuwa ameiona klipu na alikuwa na uchungu sana, nimemsikiliza mpaka mwisho. Dogo amekubali kuja Jumamosi kwa sharti kwamba asilazimishwe kupeana mkono na mtu mbele ya kamera. Nimemhakikishia kamera haitakuwepo.

Mfungaji nakutana naye kesho jioni. Kocha nimemwambia awepo Jumamosi mapema, na amekubali kwamba suala la benchi atalisema yeye mwenyewe. Mzee wa Filimbi, kama uko Dar, naomba uniandikie pembeni. Ningependa uje utuangalie tunavyokaba.