Viatu vya kuteleza thelujini: aina zinatofautianaje?

Muulizaji, Nakuru: Ndugu zangu, Januari nitamtembelea dada yangu Austria, naye ameniandikisha katika mafunzo ya kuteleza mteremkoni kwa ski, yaani vile vibao virefu vyembamba vinavyofungwa chini ya viatu. Viatu vya mchezo huo sijawahi kuviona. Je, saizi yangu ya 42 itatumika?

Jibu, Eldoret: Viatu vya mteremko vina gamba gumu la plastiki, vifungo vya chuma na kiatu laini cha ndani, na kisigino hufungwa kwenye ski. Vile vya kuteleza masafa marefu, mchezo alioshiriki Philip Boit wetu katika Olimpiki ya Nagano mwaka wa 1998, ni vyepesi na kisigino huachwa huru. Usivichanganye hata kidogo.

Jibu, Kisumu: Saizi huhesabiwa kwa urefu wa mguu kwa sentimita, kwa hiyo simama kisigino kikigusa ukuta, upime. Ugumu wa kiatu huandikwa kwa namba: anayeanza hutosheka na takriban 60 hadi 80, ilhali 130 ni kwa mabingwa, ingawa namba hizo hazilingani kwa watengenezaji wote. Vaa soksi moja nyembamba, kwani mbili hubana damu na kuleta baridi. Nakusihi ukodishe, usinunue.

Muulizaji: Asanteni sana. Nimepima, ni sentimita 26.5.