Kaunta na sakafu ya jikoni: kipi kitangulie, na jiwe gani?

Habari zenu ndugu,

Tunafanya ukarabati wa jikoni: makabati mapya, kaunta mpya, sakafu mpya. Chumba ni mita 3.6 kwa 3, kiko ghorofani kwenye nyumba ya zamani, na chini kuna maboriti na mbao, si zege. Juu ya mbao kuna vinili iliyochakaa. Kaunta zote ukizijumlisha ni mita 5.2. Tunapenda marumaru nyeupe juu na vigae vya sentimita 60 kwa 60 chini. Fundi wa makabati anashauri makabati yafungwe kwanza, vigae viishie miguuni mwa makabati ili tuokoe pesa. Tumfuate? Na jiwe jeupe linavumilia jiko la kila siku?

*

Jibu: Kaunta na sakafu ya jikoni

Dada, shikamoo. Kabla ya kumkubalia fundi, pima kimo cha mashine ya kuoshea vyombo. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Hesabu ni hii: bodi ya saruji milimita 6, gundi kama 4, kigae 10. Sakafu imepanda sentimita 2. Tuseme chini ya kaunta kuna nafasi ya sentimita 86, na mashine ina kimo cha 85 ikiwa imesimama kwenye sakafu ya zamani. Vigae vikiishia mbele yake, inakuwa imekaa shimoni: ili itoke lazima ipande sentimita 2, na juu imebaki 1 tu. Siku pampu ikiharibika, mtalazimika kung'oa kaunta au kuvunja vigae. Kwa hiyo vigae viingie hadi ukutani kwenye nafasi ya mashine, ya friji na ya jiko, hata kama chini ya makabati mengine mtaweka vipande vya plaiwudi vya unene uleule. Kwa vigae, mimi ningetandika chumba kizima kwanza. Eneo ni mita za mraba 10.8, ongeza asilimia 10 ya vipande vya kukatwa, inakuja 11.9. Kigae kimoja cha 60 kwa 60 ni mita ya mraba 0.36, kwa hiyo ni vigae 33, na viwili vitatu vya akiba vyenye namba ileile ya toleo kwenye boksi, maana rangi hutofautiana toleo kwa toleo.

Lakini swali zito zaidi ni mbao. Kigae hakipindi, mbao inapinda. Kanuni inayotumika sana ni kwamba sakafu ikibebeshwa mzigo isipinde zaidi ya urefu wa boriti kugawanya kwa 360. Boriti ikivuka mita 3.6 bila nguzo, ukomo ni milimita 10. Kwa vigae vya jiwe la asili mnagawanya kwa 720, yaani milimita 5. Mtu akitembea na vyombo vikatikisika kabatini, msiweke kigae hadi maboriti yaimarishwe. Na msidanganyike na bodi ya saruji: inakipa kigae mahali pa kushika, haiongezi nguvu ya sakafu hata kidogo. Nguvu inatoka kwenye maboriti na plaiwudi.

Halafu usawa. Chukua rula ya alumini ya mita 3 uilaze kila upande. Kwa kigae cha ukubwa huo, bonde lisizidi milimita 3. Mabonde yajazwe kabla, si kwa kurundika gundi nene, kwa sababu gundi nene hunywea ikikauka na kukivuta kigae chini kona moja. Mwiko wa meno upitishwe mistari iende upande mmoja, si duara, hewa itoke. Fundi akibandika vigae vitatu vya kwanza, mwambie anyanyue kimoja: gundi iwe imeshika angalau asilimia 80 ya mgongo. Kona isiyo na gundi ndiyo itakayopasuka kikombe kikianguka. Pembeni mwa kuta acheni mwanya wa milimita 6 usiojazwa grauti (saruji ya kujazia kati ya vigae); skatingi itauficha.

Utelezi usisahaulike. Ulaya tafuteni alama ya R10. Marekani kipimo cha msuguano wa kigae kikiwa na maji kiwe 0.42 au zaidi. Kigae kinachong'aa kama kioo kiache sebuleni.

*

Jibu: Jibu: Kaunta na sakafu ya jikoni

Naongezea upande wa kaunta. Nikisema marumaru hapa nakusudia jiwe lenyewe, si vigae ambavyo wengi wetu tunaviita marumaru.

Marumaru ni kalisi kaboneti. Limau, siki au nyanya vikidondoka, asidi inalila jiwe na kuacha doa lililofifia, hata ukifuta baada ya dakika chache. Muuzaji atakwambia kuna dawa ya kuziba jiwe. Ipo, na inazuia mafuta na chai visinyonywe, lakini asidi haiizuii. Hilo halielezwi dukani na linaumiza watu. Kama moyo umeshaipenda marumaru, chukueni iliyosuguliwa bila kung'arishwa, alama zake hazionekani sana.

Graniti halisi haidhuriki na limau. Tatizo ni kwamba baadhi ya mawe meupe huuzwa kwa jina la graniti nayo ni jamii ya marumaru. Ombeni kipande kilichokatwa kwenye bamba lenyewe, dondosheni limau, ngojeni robo saa, osheni, mkitazame dhidi ya mwanga. Kikififia, si graniti. Kipande hichohicho kidondosheeni maji: jiwe likikolea rangi ndani ya dakika 10 hadi 15, linanyonya na litahitaji dawa.

Kwa mwenye kutaka weupe bila kazi, kuna kwatsi ya kiwandani, punje za jiwe zilizoshikanishwa kwa gundi ya plastiki. Hainywi maji, haihitaji dawa. Adui yake ni moto: sufuria iliyotoka motoni huunguza ile gundi na doa halitoki. Na msiruhusu ikatwe kavu, bila maji, ndani ya nyumba. Vumbi lake lina silika nyingi na linaharibu mapafu ya mafundi. Australia imeyapiga marufuku mawe haya tangu tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu hiyo. Ikatwe karakanani kwa maji.

Uzito: mita 5.2 kwa upana wa sentimita 63 ni mita za mraba karibu 3.3. Graniti ya sentimita 2 ni kilo 54 kwa mita ya mraba, jumla kama 177. Ya sentimita 3 ni kama 265. Kwenu ghorofani, ngazi zina kona? Pimeni kabla ya kuagiza kipande kirefu.

*

Jibu: Jibu: Jibu: Kaunta na sakafu ya jikoni

Marahaba, na asanteni wote. Marumaru tumeiacha. Maboriti yetu yanatikisika kweli. Tukichagua vinili mpya ya mbao za kupachikana badala ya vigae, ushauri wa kutandika chumba kizima unabaki? Na ile ya zamani tuing'oe wenyewe?

*

Jibu: Jibu: Jibu: Jibu: Kaunta na sakafu ya jikoni

Hapana, hapo mambo yanageuka. Vinili ya kupachikana inaelea. Inatanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Ukiibana kwa kabati lenye jiwe juu, inafunguka kwenye maungio upande wa pili au inajikunja. Fungeni makabati kwanza juu ya plaiwudi ya unene wa vinili, kisha vinili ije, ikiingia chini ya mashine na friji, na mwanya wa milimita 6 hadi 10 pande zote. Usawa bado unahitajika: milimita 5 katika mita 3.

Ya zamani msiiguse bado. Vinili na vigae vya plastiki vya zamani, hasa vya mraba wa sentimita 23, na gundi nyeusi chini yake, vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake huharibu mapafu. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999 tu, hivyo umri wa nyumba ni muhimu. Kipande kidogo kipelekwe maabara kwanza. Msikwangue wala kusugua. Ikikutwa, na imeshika vizuri, mara nyingi sheria inaruhusu kuifunika.

*

Nami naongeza moja tu kuhusu jiwe: kiolezo (umbo la kaunta la kukatia jiwe) kipimwe makabati yakiwa yamefungwa na kunyooshwa kwa pima maji, sinki na bomba vikiwa vipo mkononi, si picha zake. Kiungo cha vipande viwili vya jiwe kisiangukie juu ya mashine ya kuoshea vyombo wala kwenye tundu la sinki. Silikoni iwe isiyonuka siki.