Wanafizikia nisaidieni: nikipasha napata 123, nikipoza napata 108, niandike ipi?

KeteNamua:
Asalaam alaykum wana jamvi. Mie nasoma masta, nakaa Fuoni, tasnifu yangu ni nadharia tupu maana maabara ya kupima vitu hivi sina, ni mie na laptopu na Python basi. Nashughulikia mpito wa awamu, yaani pale kitu kinapobadili hali kwa joto, wa bariamu titaneti, ile feroelektriki ambayo ikiwa moto fuwele yake ni mchemraba kamili, ikishuka kama nyuzi 120 titaniamu inasogea kidogo kutoka katikati na fuwele inapata upande chanya na upande hasi yenyewe, hujaichaji wala nini. Nimetumia fomula ya Landau, nishati huru yenye P mraba, P ya nne na P ya sita, P ndo kipimo cha huko kutengana kwa chanya na hasi, T0 ni joto ambalo namba inayokaa na P mraba inakuwa sifuri, nimeiweka 108 kama ilivyo vitabuni, namba nyengine nimeziacha hazibadiliki na joto.

Sasa kasheshe. Naanza 150 nashuka digrii moja moja, kila hatua programu inaanzia kwenye jibu la hatua iliyopita. P inakaa sifuri mpaka 108 halafu inaruka ghafla. Nikirudi juu haitaki kufa mpaka 123. Programu ile ile, namba zile zile! Nshaifuta nikaiandika upya mara tatu, juzi umeme ukakatika nikapoteza ile iliyokuwa safi kuliko zote. Mwisho nikachukua wastani, 115.5, nikampelekea msimamizi wangu, akanambia "rekebisha kosa" akaondoka zake. Na sura ya pili anataka supakondakta, vile vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani vikipozwa sana, kwa njia hiyo hiyo. Nshachoka jamani.

PwezaMkavu:
Mie nimeona nyuzi 123 nikajua homa, nikaja mbio na panadoli 😂😂 samahani mkuu endeleeni

YakheWete:
Wa alaykum salaam yakhe. Programu haina kosa, kosa ni huo wastani. Tazama ile namba inayokaa na P ya nne, kwa bariamu titaneti ni hasi, ndo maana ukalazimika kuweka P ya sita, bila hiyo nishati ingeporomoka isikome. Ikiwa hasi mpito unakuwa wa daraja la kwanza, yaani P inaruka ghafla badala ya kukua polepole kutoka sifuri. Hebu chora nishati dhidi ya P kwenye nyuzi 115, utaona mashimo matatu, moja kati na mawili pembeni, kama bao tu. Kete yako imekaa shimo la kati, ya pembeni yana kina zaidi lakini pana kingo, na programu yako haina mkono wa kuinyanyua kete, inangoja mpaka kingo yenyewe iishe. Kingo ya shimo la kati inakwisha kwenye T0, 108. Ukipasha, mashimo ya pembeni yanafutika 123. Hiyo ni mipaka miwili. Joto la mpito ni pale mashimo yote matatu yanapokuwa na kina sawa, na hapo hujapatafuta bado.

DadaMkoani:
Nyongeza. Mshawahi kusahau chupa ya maji kwenye friza, unaitoa bado maji, unaigonga mezani inaganda huku unaiona? Maji yalishapita sifuri zamani ila hayakupata pa kuanzia. Ndo hiyo 108 yako. Lakini kaka usije ukaandika kwamba fuwele ya kweli ina tofauti ya nyuzi 15 kati ya kupasha na kupoza, utachekwa. Fuwele ya kweli ina kasoro na ina kingo zake za nje, awamu mpya inaanzia hapo, tofauti inayopimwa ni ndogo sana kuliko hiyo. Fomula yako inadhani P ni sawasawa fuwele nzima.

KeteNamua:
Ahsanteni, roho imeanza kutulia. Lakini mbona nikianza na P sifuri kabisa haihami hata nishapita 108, mpaka niweke 0.001? Si kosa hilo?

YakheWete:
Laa. Sifuri ni jibu la mlinganyo kwenye joto lolote, mteremko pale haupo. Chini ya T0 kete iko juu ya kilima imesimama wima, haianguki mpaka uipulize. Acha hiyo 0.001 na uitaje kwenye tasnifu.

Na hiki hapa kipimo cha kujikagua. Kwa fomula yako, umbali kutoka T0 mpaka joto la mpito ni robo tatu ya umbali kutoka T0 mpaka ule mpaka wa juu. Wako ni 15, robo tatu yake 11 na kidogo, jumlisha 108 unapata 119. Devonshire alipoifanya kazi hii mwaka 1949 alikuwa anaisaka hiyo hiyo 120 ya vipimo.

KaskaziKali:
Sura ya pili usikopi na kubandika. Kwa supakondakta fomula ni ya Ginzburg na Landau, 1950, na badala ya P una psai ambayo ni namba changamano, ina ukubwa na ina pembe, na inashikana na uga wa sumaku. Bila sumaku ile namba inayokaa na psai ya nne ni chanya, mpito ni wa daraja la pili, hauna kuruka, kwa hiyo madini ya risasi yatakupa kelvini 7.2 ukipasha ukipoza, usije ukashtuka tena ukafuta programu. Ukiiweka risasi kwenye sumaku ndo mpito unageuka daraja la kwanza na mashimo yako yanarudi. Mie ningefanya hilo, sura mbili zinashikana vizuri. Halafu baki karibu na joto la mpito, mbali na hapo fomula haiaminiki. Utakuja kukutana na strontiamu titaneti, ambayo inakaribia kuwa feroelektriki ila mitetemo ya kwantamu inaizuia, na ukiichanganya kidogo na atomi nyengine inakuwa supakondakta chini ya nusu kelvini. Tamu wallahi, lakini kwa masta iache, itakumeza.

KeteNamua:
Mrejesho. Nimepiga hesabu ya nishati kwenye shimo la kati na la pembeni kwa kila joto, mistari imekatana 118.9. Nimechora na yale mashimo matatu ya 115, msimamizi kayaangalia kimya muda mrefu halafu kasema "sura ya pili lini?"

PwezaMkavu:
Panadoli nimekunywa mwenyewe