Kishikwambi kinazima chenyewe kikiwa na 30%. Hiki kipya nikichajije kidumu?

Mwalimu wa Mlimba

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, hasa wa mafundi na wenye uzoefu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ninacho kile kishikwambi tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, ndicho ninachoandalia masomo na kutunzia alama za watoto. Zamani nilikuwa nakaa nacho siku mbili bila kutafuta umeme. Sasa kinajaa 100% vizuri tu, ila nikifungua video ya somo kinashuka mbio, na kikifika 30 hivi kinazima. Nikikichomeka kinawaka kinaonyesha 27%, utadhani hakuna kilichotokea.

Mwezi huu tunawanunulia watoto cha kwao, inchi 10, betri ya 7000 mAh. Sitaki nacho kiishie huku. Shida ni kwamba kila ninayemuuliza ana sheria yake. Kaka yangu anasema kikishanunuliwa kichajiwe saa nane mfululizo ndipo kiwashwe. Mwalimu mwenzangu anasema usichaji mpaka kizime. Jirani anasema kulala kwenye umeme ndiko kunakoua betri. Mwingine ananiambia nikichajichaji kidogo kidogo namaliza mizunguko ya betri.

Mazingira yangu: nyumba ya bati, joto la huku mnalijua, umeme upo ila unakatikakatika, ukikatika tuna sola ndogo. Ofisini ekstensheni ni moja, iko dirishani panapopiga jua kuanzia saa sita. Nishike lipi?

Babu Chaji

Mwalimu, acha kiishe kabisa kizime, halafu jaza mpaka 100 bila kuchomoa. Kikiwa kipya rudia hivyo mara tatu. Mimi tangu enzi za Nokia ya kitochi nafanya hivyo na simu zangu zilikuwa zinakaa wiki.

Wa Makete

Mimi nalaza kwenye chaji kila siku, naamka 100%, miaka inaenda na betri iko poa. Hizo za usichaji usiku ni hadithi za vijiweni.

Fundi wa Kona

Madam, tuanze na cha zamani. Hizo asilimia 30 hazijapotea. Betri ikizeeka ukinzani wake wa ndani unapanda. Ukifungua video kifaa kinavuta umeme mwingi kwa mpigo, volti zinaanguka, kinaona hakuna umeme wa kutosha, kinazima. Ukichomeka volti zinapanda tena ndiyo maana unaiona 27%. Hakuna namna ya kuchaji itakayoirudisha betri hiyo ujana, dawa yake ni betri nyingine. Na kwa kuwa ni mali ya serikali, usikifungue kwa fundi wa mtaani kimyakimya. Mwambie mkuu wa shule kwanza.

Babu Chaji, shikamoo. Hiyo sheria yako ilikuwa sahihi kwa betri za zamani za nikeli-kadimi, maana zile ukizizoesha kuzichaji nusu zilikuwa zinakariri hiyo nusu. Hizi za lithiamu-ioni, ambazo Sony walianza kuziuza mwaka 1991, hazina tabia hiyo, na kuzishusha mpaka sifuri kila siku ndiko kunakozichosha. Hata hiyo kitochi yako ilikuwa na lithiamu, ile BL-5C. Ilikaa wiki kwa sababu simu yenyewe haikuwa na cha kula umeme. Kumaliza na kujaza kuna faida moja tu: asilimia zikianza kudanganya, fanya mara moja ili kifaa kijifunze upya kusoma betri. Hapo umerekebisha kipimo, betri yenyewe haijaongezeka uwezo.

Saa nane za mwanzo, sahau. Kinakuja na chaji kiasi, kiwashe utumie.

Mizunguko: mzunguko mmoja ni jumla ya 100% uliyoitumia, haijalishi umechomeka mara ngapi. Leo umetumia 50% ukajaza, kesho 50% ukajaza, huo ni mmoja. Apple wanasema betri za iPad zimetengenezwa zibaki na 80% ya uwezo wake baada ya mizunguko 1000 kamili. Kwa vifaa vya bei ya chini mimi nisingetegemea idadi hiyo, lakini hesabu ni ileile. Kwa hiyo kuchaji kutoka 40 kwenda 70 mara mbili kwa siku hakukuibii kitu.

Sasa hili la usiku, hapa ndipo penye ubishi na wote mna nusu ya ukweli. Kikijaa, saketi ya ndani inakata yenyewe, hakiendelei kujazwa mpaka kipasuke. Kinachoila betri ni kukaa imejaa kwa muda mrefu, na hasa kukaa imejaa kwenye joto. Ni sawa na ndoo kichwani: kuijaza kisimani si kazi, kazi ni kusimama nayo imejaa juani. Kuna jedwali la tovuti ya Battery University ambalo mafundi wengi tunalijua: betri ya lithiamu ikiwekwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na 40% ya chaji, hubaki na kama 96% ya uwezo. Iweke kwenye nyuzi 40 ikiwa imejaa 100%, hubaki na kama 65. Mkuu wa Makete, wewe baridi inakufanyia kazi. Mwalimu wa Mlimba chini ya bati akikuiga ataumia.

Kwa hiyo adui wa kwanza kwako madam ni ile ekstensheni ya dirishani. Apple wanataka iPad isitumike kwenye joto zaidi ya nyuzi 35, na kioo cheusi kilicholala juani kinapita hapo haraka sana. Hamisha chaji, hata ikibidi waya ulale chini sakafuni. Sakafu ya saruji ni baridi, inasaidia kuliko mnavyodhani.

Babu Chaji

Marahaba fundi. Hiyo BL-5C bado ninayo, iko kwenye redio.

Mama Wawili

Ongezeni na watoto jamani. Changu kilivimba, kioo kikaanza kuachana na fremu. Walikuwa wanaangalia katuni kikiwa kwenye chaji, na kava nene la mpira, chini ya blanketi. Ukikishika kama pasi.

Fundi wa Kona

Dada, pole. Na wengine mkiona kioo kinainuka au mgongo unatuna, acha kukitumia na acha kukichaji hapohapo. Usikikandamize kirudi, usikitoboe, kinaweza kulipuka moto. Kutumia kikiwa kwenye chaji kwa kusoma au kuandika hakuna neno. Video na gemu ndiyo shida, maana joto la kuchaji linakutana na joto la prosesa. Chaji bila kava, mahali peupe penye hewa.

Kijana wa Sola

Nami niongee upande wangu. Paneli zile zenye tundu la USB mgongoni, ukichomeka kishikwambi moja kwa moja, wingu likipita chaji inakatika, likiondoka inarudi, siku nzima hivyo. Mbaya zaidi watu wanakilaza palepale kando ya paneli, juani. Chajini kupitia betri ya sola yenye kontrola. Na msipitishe kwenye inveta kama mfumo ni wa volti 12: mnapandisha mpaka 230 halafu kichwa kinashusha tena mpaka 5, umeme unapotea njiani. Nunua kile kichwa cha kuchajia kwenye gari, kinachukua volti 12 moja kwa moja.

Swali kwa fundi: mimi natumia kichwa cha simu ndogo, hakiharibu?

Fundi wa Kona

Hakiharibu, kitakuchelewesha tu. Piga hesabu: 7000 mAh kwa volti 3.85 ni kama wati-saa 27. Kichwa cha volti 5 na ampea 1 kinatoa wati 5, kwa hiyo ni zaidi ya saa tano, na kuna umeme unaopotea kama joto, weka sita. Cha wati 10 ni saa tatu na kitu. Kichwa kikubwa zaidi nacho hakina neno, kifaa kinachukua kile kinachohitaji. Cha kuogopa ni vile vyepesi kama ganda tupu, vinachemka na volti zake hazitulii. Na umeme ukikatika chomoa, urudishe ukishatulia. Pale unaporudi ndipo unaporuka.

Wa Makete

Kwa hiyo ili kisikae kimejaa, nichunge kila siku nikichomoe kwenye 80%, nikiwa na saa mkononi? Mimi siwezi maisha hayo.

Fundi wa Kona

Usijitese. Ukisafiri au una kazi ya siku nzima jaza 100 uondoke. Siku za kawaida, vifaa vingi vya sasa vinajizuia vyenyewe. Samsung wanayo kwenye mipangilio ya betri, kikomo ni 85 au 80 kulingana na toleo. iPad Pro na iPad Air zilizotoka 2024 nazo zina kikomo cha 80. Usipokiona hicho, programu ya AccuBattery inalia chaji ikifika kiwango ulichoweka. Kutoka 20 mpaka 80 ni mwendo mzuri, ila kati ya hilo na joto, mimi ningehangaika na joto kwanza.

Mwalimu wa Mlimba

Asanteni sana wote, nimeelewa. Ekstensheni kesho inahama, hilo nimeshaongea na mwalimu wa zamu. Na cha zamani nitaandika barua kwa mkuu wa shule.

La mwisho fundi: likizo ya Desemba tunaenda kwa bibi Kilosa, na cha shule nitakifungia kabatini. Nikiache kimejaa au kimeisha?

Fundi wa Kona

Hapana kwa yote mawili. Kikiwa kimejaa kinazeeka, kikiwa kimeisha kinaendelea kuvuja kidogo kidogo mpaka volti zinashuka sana, mkirudi kinaweza kugoma kuwaka kabisa. Kiache na 50% hivi, kizime kabisa, usikiache kimelala tu na kioo cheusi. Kabati la chini, lisilogusana na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Kwa likizo ya mwezi mmoja hakuna haja ya mtu kuja kukichaji.