Kanda ya Nihilist: nimeuziwa demo halisi au nakala ya nakala?

Kijana wa Ngamiani

Wakuu, naombeni masikio yenu. Mimi mtu wa Tanga, naendesha basi huku Västerås, Uswidi. Jumapili nimepita soko la mitumba, nikakuta mzee kaweka boksi la viatu limejaa kaseti. Nyingi nyimbo za Krismasi, ila chini kabisa kuna moja ina jalada la fotokopi, imeandikwa NIHILIST. Moyo ulinipasuka.

Kwa asiyewajua: vijana wa Stockholm hao, wapiga death metal, muziki wa magitaa mazito na sauti za kunguruma; walitoa demo tatu tu, yaani kanda za majaribio kabla ya albamu, Premature Autopsy mwaka 1988, kisha Only Shreds Remain, halafu Drowned mwaka 1989. Mwaka huohuo wakavunja bendi, na wengi wao wakarudi kwa jina la Entombed.

Mzee akaapa kwamba ni ya kwanza kabisa, imetoka mikononi mwa bendi. Alitaka krona 600, nikambembeleza hadi 450. Mke wangu kaambiwa 40.

Sasa niko nyumbani, mashaka yananila. Kaseti yenyewe ni TDK D60, ile kaseti tupu ya kawaida ya kurekodia. Upande A ni Only Shreds Remain kweli, lakini ngoma zinasikika kama zinapigwa nyuma ya godoro. Upande B ni vurugu tupu, nimeizima baada ya dakika moja. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Mzee wa Deki

Tulia mkuu. Fotokopi peke yake haisemi kitu, demo za enzi zile majalada yake yalikuwa hivyohivyo. Tazama herufi ndogo: kama matundu ya "e" na "a" yameziba kwa wino, hiyo ni fotokopi ya fotokopi.

Halafu sikio. Kanda ikidurufiwa inabeba shii yake, ya mama yake na ya bibi yake, na matoazi ndiyo yanakufa kwanza. Lakini usiihukumu bado. Zima Dolby, ile swichi ya deki ya kupunguza shii, maana kanda iliyorekodiwa bila Dolby ukiipiga na Dolby inaziba pua. Kisha chukua bisibisi ndogo, uzungushe taratibu kile kiskrubu cha pembeni ya hedi inayosoma kanda, huku kanda inacheza. Matoazi yakifunguka, ujue hedi ya aliyerekodi na yako hazikukaa sawa. Weka alama kiskrubu kilipokuwa, la sivyo kesho kanda zako zote za Msondo zitakulilia.

Jaribio la mwisho: tafuta ile CD ya mwaka 2005 iliyokusanya kazi zao, ya Threeman Recordings. Anzisha CD na kanda kwa pamoja. Zikiachana njiani, huenda kuna deki ya mtu katikati, ingawa hata mwendo wa deki yako unaweza kuziachanisha.

Dada wa Makadara

Kaka zangu, hizi kelele mwazisikiliza kwa hiari? Nimefungua wimbo mmoja, nikadhani jirani akata mbao.

Haya, swali la maana: vile vidude viwili vya mgongoni mwa kaseti vimevunjwa? Babangu alikuwa na duka la kurekodi kanda za taarabu. Kanda mama alikuwa avivunja siku ileile, asije mtoto akabonyeza kitufe chekundu akamfuta Juma Bhalo. Kanda ambayo haikuvunjwa ilikuwa ya mteja.

Mzee wa Deki

Dada, hujakosea, ni msumeno. Ni kipedali cha gitaa kiitwacho Boss HM-2, vitufe vyote vinne vimezungushwa mpaka mwisho. Studio ya Sunlight ya Stockholm ilipata jina kwa sauti hiyo. Na hilo la vidude nalichukua.

Kijana wa Ngamiani

Majibu. Vidude vizima. Matundu ya herufi yameziba. Kiskrubu kimesaidia, matoazi yamefufuka kidogo. CD nimeipata maktaba: wimbo wa kwanza haujafika mwisho, kanda imeshatangulia karibu sekunde nne. Ukijumlisha yote, yaelekea ni nakala.

Ila nilipolitoa jalada ili nilinyooshe, kikaanguka kikaratasi cha daftari. Ni orodha ya bendi kwa Kiswidi, mwandiko wa mtoto wa shule, na chini kapigia mstari mara mbili: "Nirudishie stempu zangu!"

Mzee wa Deki

Hahaha! Hao ndio wenyewe, vijana waliokuwa wakibadilishana kanda kwa posta. Walikuwa wanapaka gundi juu ya stempu, mhuri wa posta ukigongwa unakaa kwenye gundi. Ukiosha kwa maji, stempu inasafiri tena. Umeshika kanda iliyopita kwa posta, mkuu, sikiliza na huo upande B.

Kijana wa Ngamiani

Nimeusikiliza wote. Siyo Nihilist. Ni watoto wako chumbani, wanaigiza wimbo wa upande A, gitaa halijakaa sawa, wanakosea palepale mara tatu na kucheka. Ya nne wanapita! Hapohapo mlango unagongwa, mama anasema chakula kiko mezani, kitufe kinabonyezwa, kimya.

Hii siuzi.

Dada wa Makadara

Na zile 410 zilizobaki wamwambia lini mkeo?