Nataka kuagiza rola ya sindano za uso, nielewesheni kwanza hii maikronidlingi

Tausi_M:
Habari zenu wakuu. Chunusi zimenitesa tangu sekondari, sasa zimepungua japo kwenye taya bado zinachomoza mojamoja, ila zimeniachia vishimo mashavuni na madoa meusi, na nikipaka faundesheni ndo kabisaa vishimo vinaonekana. Nimeona mtandaoni rola ya milimita 1.5 unajipitishia mwenyewe nyumbani. Inafanyaje kazi? Inauma? Na sisi wenye ngozi nyeusi haituongezei madoa?

Kaka_Jongoo:
Yaani ujichome sindano usoni kwa hiari yako na hela utoe 😂 Haya mi nakaa hapa nawasubiri wataalamu.

nesi_wa_zamu:
Pole mdogo wangu. Iko hivi, sindano zinatoboa vijitundu vidogo mno, mwili ukiona umeumia unaanza kujitibu, hapo ndo unatengeneza kolajeni mpya (ile protini inayoshikilia ngozi) na pale palipobonyea panajaa. Ila taratibu kweli, ni suala la miezi, na mara nyingi wanarudia mara 3 hadi 6, kila baada ya wiki 4 mpaka 6. Halafu vishimo havifanani, vile vipana vinaitika vizuri, vile vyembamba vilivyozama ndani sana ni vibishi.
Hiyo ya 1.5 achana nayo. Urefu huo damu inatoka, ni kazi ya mtu aliyesomea. Zile za 0.2 au 0.3 za nyumbani hazifiki huko, zinasaidia tu unachopaka kipenye. Na ukipitisha rola juu ya chunusi yenye usaha si unausambaza uso mzima? Chunusi kwanza zitulie.
Kuhusu ngozi nyeusi, wengi wanaipendelea kuliko leza kwa sababu haiunguzi ngozi kwa joto, hatari ya madoa inakuwa ndogo. Ndogo, sijasema haipo.

Mama_Pili:
Mi nimefanyiwa kliniki. Wanakupaka krimu ya ganzi unasubiri weee mpaka uso unakuwa kama si wako, mashavuni sikusikia kitu ila kwenye paji na juu ya mdomo machozi yalinitoka. Baadae uso unawaka kama umeshinda juani, halafu unakwaruza ukiugusa. Siku zile hakuna retinoli (ile ya kuchubua ngozi), hakuna vitamini C, hakuna cha marashi, ni krimu ya kulainisha tu. Vishimo vyangu vimepungua, havijaisha, anayekwambia vinaisha kabisa huyo yuko kwenye biashara.

Mzee_wa_Data:
Sindano lazima ufunguliwe mpya mbele ya macho yako. Marekani kule New Mexico kuna wateja waliambukizwa VVU kwenye spa, ile staili ya kuchomwa sindano halafu unapakwa damu yako mwenyewe, CDC (wale wa serikali yao wa kudhibiti magonjwa) waliitolea ripoti 2024. Usione aibu kuuliza.

nesi_wa_zamu:
Tausi hebu nijibu, una mimba? Unameza aizotretinoini, ile dawa kali ya chunusi? Na kidonda kikipona kwako huwa kinaota kinundu?

Tausi_M:
Mimba hapana, dawa hiyo pia hapana. Ila nilipotoboa masikio moja liliota kitu kigumu, wakakikata kikarudi kikubwa kuliko cha kwanza 🙈 Kila picha macho ya mama yanakwama hapo.

nesi_wa_zamu:
Hiyo ni keloidi, kovu linaloota kupita kidonda chenyewe, na hapo ushauri wangu wote wa juu unabadilika. Usikubali sindano ya aina yoyote usoni, ya rola wala ya kliniki, mpaka daktari wa ngozi akuone, na hilo sikio mwonyeshe hata asipouliza.

Tausi_M:
Mungu wangu. Rola nshaitoa kwenye kikapu. Sasa madoa nifanyaje?

nesi_wa_zamu:
Madoa hayahitaji sindano. Sanskrini (krimu ya kukinga jua) ya SPF 30 kwenda juu kila asubuhi hata kukiwa na mawingu, na ukifika kwa daktari mtajie asidi ya azelaiki, inashika chunusi na madoa kwa pamoja.